Sanamu ya Nyambizi ya Kijerumani Iliyoundwa Mkomani

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ukashika njia za mkono wa kulia, utafika Mkomani, mahali ambapo mtu akisimama ufukoni huona Mji wa Kale wa Mombasa na Ngome ya Yesu ng'ambo ya maji. Katika chumba cha uani cha nyumba moja ya huko ipo meza ndefu, na juu ya meza hiyo kimekaa chombo chembamba cha rangi ya majivu, urefu wake sentimita 87 na nusu. Watoto wakikiona mara ya kwanza husema ni papa. Ni sanamu ya nyambizi, ile manowari ya kuzama ambayo wazee wetu waliisikia sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambayo wachache mno waliiona kwa macho.

Sanamu hiyo nimeiunda mimi, kwa muda wa mwaka mmoja na miezi minne, baada ya saa za kazi. Mimi ni karani wala si seremala, na msomaji atakayeona makosa niliyoyafanya asicheke sana, maana huenda siku moja naye akashika randa.

Wengi wameniuliza kwa nini niliichagua nyambizi, tena ya Wajerumani, nikaacha majahazi na mashua za kwetu. Jibu langu ni kwamba nyambizi hizo ni sehemu ya habari za pwani hii. Mwezi wa Aprili, 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon kwa ndege, Waingereza waliona kwamba manowari zao za Bahari ya Hindi haziko salama huko, wakaileta Kilindini sehemu kubwa ya jeshi lao la bahari. Shule ya Allidina Visram, ambayo mpaka leo imo katika mji wa Mombasa, ilitwaliwa ikawa mahali pa kunasa na kufumbua maneno ya siri ya Wajapani. Upande wa Changamwe, penye maji yaliyotulia ya Kipevu, zilikaa ndege za Catalina zenye kutua baharini, na kazi yao kubwa ilikuwa kutafuta nyambizi. Kiwanja cha Port Reitz nacho kilikuwa na ndege za vita. Mwezi wa Septemba, 1943, ilianzishwa hapo Skwadroni ya 621, nayo namwomba msomaji aikumbuke, kwa kuwa nitairudia.

Hatari yenyewe haikuwa ya kusimuliwa tu. Tarehe 12 Februari, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Kilindini pamoja na msafara wake kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiozidi dakika chache, wakafa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuizunguka Afrika ya Kusini na kuingia katika bahari yetu. U-197 ilizamishwa na ndege za Catalina kusini ya Madagascar tarehe 20 Agosti, 1943, asipone hata mtu mmoja. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, U-198 ilizizamisha meli za Empire City na Empire Day katika bahari ya mashariki ya pwani hii, kisha yenyewe ikazamishwa karibu na Seychelles.

Nyambizi niliyoichagua ni U-852, kwa sababu hiyo moja haikupotelea vilindini. Iliishia juu ya mchanga wa pwani ya Afrika Mashariki, mahali ambapo watu walikwenda wakaishika kwa mikono.

Basi nilianza kama aanzavyo mtu yeyote asiyejua, yaani kwa kutafuta michoro. Michoro mingi iliyopo ni ya nyambizi za aina ya VIIC, zilizokuwa nyingi kupita zote, na ya aina ya IXC, kama ile U-505 iliyotekwa mwaka wa 1944 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Chicago. U-852 ilikuwa ya aina ya IXD2, na ya aina hiyo hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Nikajiambia, IX ni IX, herufi ya mwisho haiwezi kuwa na maana kubwa. Nikachukua mchoro wa IXC, nikanunua mbao za mwembe, nikachonga kwa miezi miwili. Kiunzi kilipokuwa tayari nilikipima, nikapata sentimita 76 na kitu. Ndipo nilipokwenda kusoma vizuri, nikaona kwamba IXD2 ilikuwa na urefu wa mita 87.58 na upana wa mita 7.50, hali IXC ilikuwa na urefu wa mita 76.76 na upana wa mita 6.76. Ile herufi moja niliyoidharau ilikuwa na urefu wa mita 11, kasoro kidogo.

Nilidhani nitaweza kukikata kiunzi katikati na kutia kipande. Jirani yangu, mzee mmoja fundi wa mashua ambaye amepita miaka 80, alikuja akakitazama, akakipindua, akapitisha kidole ubavuni.

"Mwanangu," akasema, "urefu utauongeza, na unene je? Chombo hakivutwi kama mpira. Kiweke kando, anza upya."

Nilikiweka kando. Mpaka leo kinazuia mlango usipigwe na upepo.

Kipimo nilichokishika ni cha 1 kwa 100, maana yake sentimita moja ya sanamu ni mita moja ya chombo chenyewe. Nakisifu kipimo hiki kwa kila mwenye nia ya kujaribu, kwa kuwa humwondolea mtu hesabu ngumu. Mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita moja na nukta saba, sawa na punje mbili tatu za mchele zikipangwa kichwa kwa mguu. Mwili wa chombo niliujenga kwa mbao tano zenye unene wa sentimita moja na nusu kila moja, zilizokatwa kila moja kwa umbo lake, kisha zikapangwa juu ya nyingine na kubanwa kwa gundi. Njia hii ni bora kuliko kuchonga gogo zima, kwa sababu mistari ya maungio ya mbao hubaki ikimwongoza fundi; patasi ikipita kiasi upande mmoja, mistari hupinda na kosa huonekana mara moja. Baada ya patasi ni tupa, na baada ya tupa ni msasa. Mzee alinikumbusha kwamba wao zamani walisugua kwa ngozi ya taa iliyokauka, akaniletea kipande. Kwa kweli kilifanya kazi vizuri kuliko karatasi ya dukani penye mapindo ya omo.

Hapa yafaa nieleze namna nyambizi inavyozama, kwa maana watu wengi hudhani huzama kwa nguvu za injini. Chombo chenyewe hasa ni bomba la chuma kizito, ambalo ndani yake wamo watu, injini na betri. Bomba la IXD2 lilikuwa na kipenyo cha mita 4.40. Nje ya bomba kuna ganda jembamba linaloipa nyambizi umbo la meli, na kati ya hayo mawili yamo matangi. Matangi yakijaa hewa chombo huelea. Milango ya chini ikiwa wazi na hewa ikifunguliwa juu, maji huingia, chombo kikawa kizito na kushuka. U-852 ikielea ilikuwa na uzito wa tani 1,610. Ikizama, tani 1,799. Tofauti ya tani 189 ni maji tu. Likitakiwa kupanda, hewa iliyoshindiliwa katika mitungi husukumwa ndani ya matangi, nayo huyafukuza maji. Mzamaji wa lulu hushika jiwe ili ashuke na huliacha ili apande. Nyambizi jiwe lake ni bahari yenyewe.

Hesabu hii ilinisaidia katika kazi yangu pia. Sanamu ikiwa ndogo mara 100 kwa urefu, na mara 100 kwa upana, na mara 100 kwa kimo, basi uzito wake wapasa kuwa mdogo mara milioni moja. Tani 1,610 zikigawanywa hivyo ni kilo moja na gramu 610. Niliipima sanamu katika mizani ya dukani, nikakuta ni kilo moja na robo. Nikaitia katika karai kubwa la kufulia, nayo ikaelea juu mno, kisha ikalala ubavu kama mgonjwa. Nikalichimba tumbo lake chini, nikatia risasi za nyavu za wavuvi kiasi cha gramu 350, nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Safari ya pili ilikaa wima, na maji yakafika mahali pale pale ninapoyaona katika picha. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo mbele ya karai.

Vitu vidogo ndivyo vilivyokula siku nyingi. Pembeni mwa nyambizi kuna safu za matundu ya kuingizia na kutolea maji katika ganda la nje, nayo nilitoboa moja moja kwa sindano iliyopashwa moto na kuyanyosha kwa wembe. Sitaha ilikuwa ya mbao halisi, kwa hiyo nilikata vijiti vya mwanzi na kuvipanga kimoja kimoja. Rafadha mbili za tezi nilizikata katika shaba ya mtungi uliopasuka. Darubini ni spoki za baiskeli, kamba za chuma zinazotoka omo mpaka mnarani na mnarani mpaka tezi ni mshipi wa kuvulia, na vyuma vya kushikilia pembeni ni pini za ushonaji. Matundu ya topido ni sita, manne omo na mawili tezi; nyambizi hii ilichukua topido 24.

Lakini kitu kilichowavuta watu wa mtaani kuliko vyote ni tiara. Nyambizi zilizotumwa Bahari ya Hindi zilipewa chombo kidogo cha kuruka kiitwacho Fa 330, ambacho Wajerumani walikipa jina la Bachstelze, yaani ndege mdogo atikisaye mkia. Hakikuwa na injini. Kilikuwa na kiti kimoja, bomba mbili tatu za chuma, na mapanga matatu juu yake yaliyozungushwa na upepo kama kititia cha mtoto. Uzito wake wote ulikuwa kiasi cha kilo 75, na kilihifadhiwa vipande vipande ndani ya mitungi nyuma ya mnara. Nyambizi ikienda mbio juu ya maji, mtu alikaa kitini akapandishwa angani kwa kamba ya mita 150 hivi, akawa macho ya chombo kizima. Akiwa mita 120 juu aliweza kuona umbali wa maili 25 za baharini, hali mlinzi wa mnarani huona kama maili 5 tu. Kwa msaada wa kitu hicho nyambizi U-177 iliizamisha meli ya Kigiriki iitwayo Efthalia Mari karibu na Madagascar mwezi wa Agosti, 1943. Ikitokea ndege ya adui ghafula, nyambizi ilipasa kuzama, na yule wa juu akabaki na mwavuli wake na bahati yake. Kazi hiyo nisingeitaka hata kwa mshahara wa meneja.

Katika sanamu, kamba ya mita 150 ni mita moja na nusu, kwa hiyo tiara yangu imetundikwa kwa uzi katika boriti ya chumba. Nilipiga hesabu nyingine. Kwa kipimo changu, mlinzi wa mnarani huona kama mita 93, yaani kutoka mezani pangu mpaka kwenye kioski cha njia panda. Mtu wa kwenye tiara huona mita 463, nyumba nyingi sana kupita hapo. Nilitoka nikaupima umbali huo kwa hatua mchana wa Jumapili, na watu wakaniuliza nimepoteza nini.

Sasa nitasema habari za U-852 yenyewe, ambazo si za kupendeza. Ilitoka Kiel tarehe 18 Januari, 1944, nahodha wake akiwa Heinz-Wilhelm Eck. Tarehe 13 Machi, katika bahari ya Atlantiki, iliizamisha meli ya Kigiriki iitwayo Peleus. Mabaharia waliopona walishika vipande vya mbao na vyelezo vya kuokolea. Eck aliona kwamba mabaki yale yakionekana na ndege yatamfichua, akaamuru yapigwe kwa bombom na makombora ya mkono ili yazame. Juu ya mabaki hayo walikuwamo watu. Kazi hiyo iliendelea usiku kwa muda wa saa nyingi, kisha nyambizi ikaenda zake. Watu watatu walibaki hai juu ya chelezo, mmoja wao ofisa aitwaye Antonios Liossis, wakaokolewa na meli ya Kireno baada ya siku zaidi ya 35.

Nyambizi ilizunguka Rasi, ikaingia Bahari ya Hindi, ikapanda kaskazini mpaka pwani ya Wasomali. Tarehe 2 Mei, 1944, ikaonekana na ndege ya Wellington ya Skwadroni ya 621, ile iliyozaliwa Port Reitz, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Aden. Ndege hizo pamoja na za Skwadroni ya 8 ziliiumiza hata isiweze kuzama tena. Eck akaiendesha mpaka ikapanda juu ya mwamba karibu na Bandar Beyla, kusini ya Ras Hafun, na tarehe 3 Mei Wajerumani wakajaribu kuivunja kwa baruti. Saba kati yao walikuwa wamekufa. 59 walitekwa pwani, na miongoni mwa waliowakamata walikuwa askari wa ngamia wa Somaliland. Ndani ya mabaki ya nyambizi palipatikana kitabu cha safari, nacho kilionyesha ilikuwa wapi siku ile ya Peleus. Mwezi wa Oktoba, 1945, Eck na wenzake wanne walihukumiwa mjini Hamburg. Alijitetea kwamba alifanya hivyo kwa usalama wa chombo chake. Mahakama haikukubali. Tarehe 30 Novemba, 1945, yeye na maofisa wawili walipigwa risasi.

Haya yote niliyajua tangu mwanzo, na hapo ndipo niliposhikwa na woga. Sanamu ilikuwa nzuri. Mnara ulikuwa umenyooka, rangi imekauka, na mizinga midogo niliyoikunja kwa waya ilikuwa bado katika kiberiti. Ilikuwa ikivunjika kila nikiigusa, na nikaanza kujiambia kwamba chombo kinapendeza zaidi bila ya mizinga.

Yule mzee jirani hakuwahi kuipenda kazi hii. Baba yake alikuwa baharia wa meli ya shehena, akaondoka Kilindini mwaka wa 1944, mzee akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Meli ikapigwa njiani, na kilichorudi nyumbani kilikuwa karatasi. Mara ya kwanza aliposikia ninachounda aliniuliza kwa nini namjengea mwuaji nyumba. Sikuwa na jibu, nikatazama chini. Hata hivyo aliendelea kuja, kwa sababu fundi akisikia sauti ya randa hawezi kukaa barazani pake. Jioni moja aliingia, nikamwamkia, akaitikia, akaizunguka meza polepole.

"Mbona huku juu ya mnara ni patupu?"

"Mzee wangu, mizinga inanisumbua. Nafikiri nitaiacha."

"Umeunda nyoka, sasa wamng'oa meno ili watoto wamwone mzuri," akasema. "Wale watu wa ile meli ya Wayunani walipigwa kutoka wapi, kama si hapa?"

Nilikuwa nimemsimulia habari hiyo wiki iliyotangulia. Nikafungua kiberiti. Kazi ya kuibandika mizinga ile ilitwaa jioni nne, naye alikaa kitini akinishikia taa, bila maneno mengi. Jioni ya nne aliniuliza wale watatu walikaa baharini siku ngapi, nikamwambia. Akauliza chelezo chao kilikuwa na ukubwa gani. Nikasema kwamba kwa kipimo chetu tukikifanya sentimita tatu hatutakuwa mbali sana.

Kesho yake alileta kipande cha mvule, chembamba kama kucha, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, na juu yake ametia mafundo matatu ya uzi mweusi. Alikiweka juu ya meza, mbele ya omo, kiasi cha shubiri mbili. Nilitaka kukitia gundi, akanikataza, akasema kitu cha baharini hakigundishwi.

Kwa hiyo kila Ijumaa, mke wangu akipangusa vumbi, chelezo huhama mahali. Siku nyingine nakikuta tezi, siku nyingine pembeni karibu na ukingo wa meza, na mara moja kilianguka sakafuni tukakitafuta kwa mshumaa mpaka usiku. Watoto wa mtaa wanaokuja kutazama huimaliza nyambizi kwa dakika mbili, wakairukia tiara na kuipuliza izunguke. Kisha mmoja wao huinama, akaniuliza kile kidude chenye mafundo ni kitu gani.

Upande wa kulia wa sanamu bado haujapata rangi ya mwisho. Nangojea mvua za masika zipite, kwa maana wakati huu rangi haikauki vizuri hapa Mkomani.